Namba Moja Iko kwa Watawa

Morup alipewa kazi ya kupaka namba kwa sababu moja tu: mkono wake ulikuwa hautetemeki. Kwa mtu wa miaka sabini na miwili, na kwa pombe ya shayiri aliyokwisha kunywa maishani, jambo hilo lilimshangaza kila mtu kijijini Spangkhar, yeye mwenyewe akiwemo. Miaka ishirini na minane alikuwa mwendesha nyumbu, akipeleka mafuta ya taa na mchele kwenye kambi za askari huko juu milimani, na kila debe aliliandika jina kwa rangi nyeupe ili asije mtu akamwambia limepotea. Barabara ilipofika, nyumbu wakauzwa, brashi ikabaki.

Watu wa mradi walikuja kutoka mjini na karatasi iliyokunjwa mara tatu. Wageni wa siku hizi, walisema, hawapendi kuongozwa. Wanataka kujitembeza wenyewe. Kila mahali pa kutazama pawekwe namba ukutani, kumi na mbili kwa jumla, na mgeni atafuata ramani. Morup akauliza, mgeni akitumbukia mferejini atalaumiwa nani? Wakacheka. Walimwachia mkebe wa rangi ya njano, wakamwambia aanzie anapoona panafaa, nao ramani wataichora kwa kufuata namba zake.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, na ieleweke kwamba hakuna mtu wa Spangkhar ambaye angefanya vinginevyo. Namba moja aliipaka kwenye lango la nyumba ya watawa wa Kibudha, juu kabisa ya kijiji, kwa sababu ndiko mambo yanakoanzia. Mtoto akizaliwa anapelekwa juu. Ng'ombe akikataa kutoa maziwa, mtu anapanda juu kuuliza. Kutoka pale alishuka kwa njia ya mashariki, ule ukuta mrefu wa mawe yaliyochongwa maombi ukiwa mkono wake wa kulia kama inavyopasa, akapaka mbili, tatu, nne, mpaka akafika chini kwenye kiwanja cha magari, ambako saba aliipaka kwenye nyumba ya kinu cha zamani cha kusagia nafaka. Kisha akapanda kwa njia ya magharibi, nane hadi kumi na mbili, akatokea tena kwa watawa. Mzunguko safi kabisa. Alirudi nyumbani na furaha tele, na rangi kwenye ndevu.

Kitu ambacho hakikumpitia akilini ni kwamba mgeni haanzii kwa watawa. Mgeni anashuka kwenye gari. Anafungua karatasi, anaona yuko kwenye saba, na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, anaanza kuitafuta moja. Anapita sita, tano, nne, anapanda njia ya mashariki ukuta wa maombi ukiwa kushoto kwake, anafika kwa watawa akihema. Sasa mbili hadi saba ameshaziona, za nini tena? Anashukia magharibi: kumi na mbili, kumi na moja, mpaka chini. Anaingia garini ameridhika. Amekizunguka kijiji kizima kinyume.

Na kinyume, kwa watu wa kule, si jambo la kutaniwa. Anayezunguka kwa kulia anafuma heri. Anayezunguka kinyume anaifumua.

Wa kwanza kuliona hilo alikuwa mkewe, Spalzes, ambaye kazi yake wakati huo ilikuwa kuona tu. Vuli iliyotangulia kiharusi kilimshika upande wa kushoto, mguu ukakataa, na Morup akamtandikia karibu na dirisha linalotazama njia ya mashariki. Kabla ya hapo, kwa miaka arobaini na mmoja, Spalzes alikizunguka kijiji kila siku, mzunguko mmoja kabla ya chai, kukiwa na jua, kukiwa na theluji, akiwa na homa. Alianza mwaka ule walipompoteza mtoto wao wa pekee, binti wa miezi minane. Hakusema anamzungukia nani na hakuna aliyehitaji kuuliza. Morup mwenyewe hakuwahi kuzunguka hata mara moja kwa makusudi. Alisema miguu yake imeshatembea vya kutosha kazini.

"Meme," Spalzes akaita siku ya tatu ya msimu wa wageni. Wazee wale walikuwa wameshaacha kuitana majina. Yeye alikuwa Meme, babu, na mkewe alikuwa Abi, bibi, ingawa hawakuwa na mjukuu hata wa kuazima. "Njoo utazame ulichokifanya."

Morup akatazama. Watu kumi na mmoja wenye kofia pana walikuwa wakipanda.

"Wanapandia huku," akasema.

"Naona wanapandia huku. Macho hayakupooza."

"Labda wamepotea, Abi."

"Jana walipotea arobaini na wawili. Juzi thelathini na wanane. Wote wapotelee kichochoro kimoja? Umewawekea moja kule juu, we mzee. Ulitaka waifuate wapi, shimoni?"

Morup akajikuna kichwa. Spalzes hakuwa na haraka. Alikuwa ameshapiga hesabu yake yote akiwa amelala pale. "Nina mizunguko kama elfu kumi na tano," alisema. "Kwa mwendo huu, msimu huu watanila elfu nne. Misimu minne sina kitu."

Aliisema bila kupandisha sauti, na ndiyo maana Morup aliogopa. Alivaa kofia yake akaenda kwa Nawang, mkuu wa kijiji, aliyekuwa anapanga sabuni dukani kwake.

"Nipe ruhusa nizipake upya," Morup alisema. "Moja iwe kwenye kinu."

"Meme-le, karatasi zimechapwa elfu tano," Nawang akasema, akitia "le" ya heshima. "Ukihamisha namba, mgeni atasoma nyumba ya watawa ya miaka mia saba, ainue macho, atazame choo changu hapo jirani na kinu."

"Choo chako nacho si cha jana."

"Ngoja karatasi ziishe."

"Zitaisha lini?"

"Zikiisha."

Akapanda kwa watawa. Mtawa mkuu, mtu mpole sana, akamwambia kwamba mgeni asiyejua anachofanya hafumui kitu. Linalohesabiwa ni nia. Morup akashuka mbio na habari hiyo njema. Spalzes aliisikiliza mpaka mwisho.

"Mtawa hana magoti yangu," akasema, akageukia dirisha.

Kesho yake Morup alisimama kwenye kinu, akawaambia wageni kwa Kihindi chake cha kambini kwamba wapande magharibi. Wageni wakamwonyesha kwenye karatasi, kwa adabu, pale palipoandikwa kwamba matembezi haya hayahitaji kiongozi. Mmoja akampa biskuti. Morup aliila, kwani ilikuwa biskuti nzuri, lakini alijisikia vibaya.

Ndipo alipopiga moyo konde akaanza kuzunguka. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mgeni mmoja akizunguka kinyume, yeye azunguke mmoja kwa kulia, na wa Spalzes ubaki ulivyo. Mzunguko ulimchukua karibu saa nzima. Kijiji kizima kilitoka milangoni kuona ajabu hii, Morup anazunguka, tena mchana, tena hajanywa.

"Meme, umepoteza nyumbu?" jirani yao Chorol akamuuliza kutoka juu ya paa alikoanika matunda ya aprikoti.

"Nimepoteza akili."

"Hiyo usiitafute huko. Haijawahi kupita njia hiyo."

Jioni Spalzes aliuliza, "Ngapi?"

"Tisa."

"Walikuwa arobaini."

Siku iliyofuata akafanya kumi, akashindwa kuvua viatu. Siku ya tatu akafanya sita. Magoti yalivimba. Wageni wakaongezeka, maana hali ya hewa ilikuwa nzuri na karatasi, watu walisema, imeeleza vizuri. Kufikia katikati ya mwezi wa nane Spalzes aliacha kumuuliza ngapi. Alikula vijiko vitatu vya uji, akasema ameshiba, na siku moja akamwambia aache tu, apumzike, mambo yamekwisha. Morup alikuwa amezoea kugombezwa na mwanamke huyu tangu ujana wake na hakujua la kufanya na upole. Alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti. Kazi ya miaka arobaini na mmoja ya mke wake ilikuwa inafumuliwa mbele ya macho yake, naye ndiye aliyeufungua uzi, kwa brashi yake mwenyewe.

Kulikuwa na kikapu cha mgongoni alichobebea samadi. Akakisugua kwa majivu, akakata upande mmoja ili miguu ipite, akatandika ngozi ya kondoo ndani.

"Nini hicho?" Spalzes akauliza.

"Panda. Utazunguka mwenyewe."

"Nitafia njiani."

"Basi utafia upande wa kulia."

Spalzes alikipima kikapu kwa macho. Kisha akaomba shali yake nzuri.

Alikaa amempa mgongo, akitazama walikotoka, na Morup akashika kamba mbili za mabegani kwa mikono yote miwili. Mkewe alikuwa mwepesi kuliko debe la mafuta, na hilo halikumfurahisha. Wakashuka na njia ya mashariki. Chini ya namba tano njia inabanwa kati ya ukuta wa maombi na kuta za nyumba, upana wa nyumbu mmoja mwenye mzigo, na upande wa pili wa ukuta ni mfereji. Hapohapo wakakutana na wageni kutoka mji wa mbali wa Pune, ishirini na sita, wakipanda mmoja nyuma ya mwingine. Mbele yao alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia aliyeitwa Vaishali, na mwavuli aliokuwa akiunyooshea vitu.

"Baba, tupishe kidogo," alisema. "Sisi tuko wengi."

"Mama, mimi nimebeba."

"Rudi hatua chache tu, pale nyuma pana nafasi."

"Nimebeba," Morup akarudia, bila ukali. Katika njia za milimani aliyebeba ndiye mwenye njia. Asiyebeba hupisha, awe mmoja, awe jeshi. Morup alikuwa ameshawarudisha nyuma maofisa wawili na bwana harusi mmoja kwa sheria hiyo. Hakuona haja ya kuieleza.

Vaishali alitazama kikapu. Akauona mguu uliopooza ukining'inia, na shali nzuri. Akawageukia watu wake, akapiga makofi mawili.

"Wote! Nyuma geuka! Tunashuka!"

"Lakini Bi Mwalimu, moja iko juu!" mmoja akalalamika.

"Moja haina miguu. Shuka!"

Wakashuka wote ishirini na sita, kofia zikigongana, mpaka kwenye kinu. Pale Vaishali akamuuliza Morup wanaelekea wapi.

"Juu, kwa watawa."

"Kwa njia ile ya pili?"

"Kwa ile."

Akafungua karatasi, akafuata kwa kidole: nane, tisa, kumi. "Hebu ona," akawaambia wenzake. "Huku namba zinapanda. Tuwafuate wazee." Na kwa mara ya kwanza tangu mkebe wa rangi ufunguliwe, wageni wakapanda kwa magharibi.

Spalzes, akiwatazama wote usoni kutoka kikapuni, alihesabu kwa sauti. "Ishirini na sita. Na mimi, ishirini na saba."

"Na mimi je?"

"Wewe umebeba tu." Akafikiri. "Haya, ishirini na nane."

Morup alipanda. Kwenye namba kumi, akiwa anahema, akauliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza kwa miaka arobaini na mmoja, labda kwa sababu sasa hakulazimika kumtazama usoni.

"Zote hizi unampa mtoto?"

"Mtoto yupi?"

"Wetu."

"Mtoto alikuwa na miezi minane," Spalzes akasema. "Alimkosea nani? Anazitaka za nini?"

"Sasa ni za nani?"

Nyuma, mtu mmoja wa Pune alikuwa akimeza maji.

"Mwezi wa tano namzika mtoto," alisema Spalzes. "Mwezi wa kumi na moja wananiambia na mume amefukiwa na theluji kule juu, yeye na nyumbu wake, nisimngoje. Siku kumi na tisa. Nikasema akirudi, nitazunguka kila siku nitakayopewa naye. Ya ishirini ukarudi unanuka, unauliza kuna nini cha kula."

"Hukuniambia."

"Ungeringa."

Morup akazipandisha kamba mabegani.

"Halafu hawa wakaanza kunifumua," Spalzes akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imepungua. "Tangu mwezi wa sita nakutazama ukilala, kama bado unapumua. Nilijua zikiisha, na wewe umekwisha. Nibaki na nani? Na dirisha?"

Morup akasimama.

"Tembea, Meme. Kuna watu nyuma yetu."

Alitembea. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye kamba, kwa hiyo alilia hivyohivyo, wazi, machozi yakishukia kwenye ndevu. Spalzes akaupeleka mkono wake wa kulia, ule usiopooza, nyuma, juu ya ukingo wa kikapu, amfute uso kwa ncha ya shali. Kwa kuwa alikuwa amempa mgongo hakuona anachofuta, akamfuta sikio, vizuri sana, mpaka likakauka. Morup hakumsahihisha.