Mistari ya Kalamu kwenye Mguu wa Mama

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuacha dawa siku ya tatu. Nilikuwa na jipu pajani, nikanunua vidonge vya rangi mbili katika duka la dawa Kayanga, na jipu lilipokauka nikaona ni kupoteza dawa bure kumeza vilivyobaki. Nikavitia kwenye kopo la majani ya chai lenye mfuniko unaobana. Nilijiona mtu makini.

Nikiri na jingine: sijasomea tiba. Niliyoyajua niliyapata kwenye simu na kwenye vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa. Lakini kwetu Ihembe hakuna aliyefunga kidonda kwa unadhifu kama mimi. Nilichemsha maji, nikakata vitambaa vya mraba vinavyolingana, kisha nikafungua kidonge na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda, kama wengi wanavyofanya huku. Dada yangu aliniita daktari, na hakuwa akinisifu.

Wiki chache baadaye jipu likamtoka yeye, kwapani. Nikamfunga. Likapona, likarudi. Kisha likamtoka jirani yetu, mama mtu mzima anayechota maji kwetu, shingoni. Naye nikamfunga.

"Hili jipu lina miguu," alisema, akicheka bila kugeuza shingo. "Limetoka kwako, likalala kwa dada yako, sasa liko kwangu. Waitu, jamani, mgeni gani huyu haagi?"

"Si ulimkaribisha mwenyewe," dada akamjibu.

Tukacheka. Ila nilianza kuwakumbuka wote niliowagusa, na wagonjwa walikuwa haohao, kwa mfuatano uleule. Nikajiambia ni vumbi. Taulo letu la nyumba nzima nikawa nalifua mwenyewe na kulianika ndani, nyuma ya mlango, upepo usilichafue.

Halafu mama, akipalilia migomba, akajikwaruza na jembe juu kidogo ya kifundo cha mguu. Mkwaruzo mdogo. Alikaa kwenye kigoda, akaunyoosha mguu mbele yangu.

"Fanya mambo yako, baba."

Siku mbili baadaye mguu ulikuwa umevimba, ngozi inang'aa, na joto lake nililisikia kabla sijaugusa. Nikampa vidonge vya kwenye kopo. Nikazungusha mstari wa kalamu kwenye ukingo wa uvimbe, nijue kama unapungua. Asubuhi iliyofuata uvimbe ulikuwa umeuvuka. Nikachora wa pili, nao ukavukwa. Wa tatu niliuchora polepole sana, kana kwamba nikiuchora vizuri utatiiwa. Mistari ilipanda mguuni kama matuta kwenye mteremko. Nilihisi kuna kitu mle chumbani kinachojua nitakachofanya kabla sijakifanya.

Dada ndiye aliyeita bodaboda. "Vaa viatu, daktari," aliniambia. "Leo tunakwenda kwa wenzako."

Hospitalini, daktari alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia macho yakiwa kwenye mguu.

"Nani kachora hii?"

"Mwanangu," mama akasema. "Tangu utoto anapenda kuchora."

Akaniuliza dawa zote tulizotumia. Nilimwambia, hadi habari za kopo. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Alisema uvimbe ukifika gotini tunaweza kuupoteza mguu. Akachukua usaha, kisha akapitisha kijiti chenye pamba ndani ya pua yangu, vikapelekwa maabara.

Majibu yaliporudi, uvimbe ulikuwa umebakiza vidole viwili kufika gotini. Zilikuwa karatasi mbili. Ya mama ilikuwa na majina ya dawa, na mbele ya nyingi, ikiwemo ya kopo langu, herufi R. Daktari alisema maana yake wadudu hawa hawaziogopi tena. Ya pua yangu ilikuwa na herufi zilezile, dawa kwa dawa. Niliisoma mara nne nikitafuta tofauti. Nilikuwa mzima, hata mafua sina. Niliwabeba wadudu hao puani huku nikiinamia vidonda vya watu ili nione vizuri.

"Hukuwaumba wewe," daktari alisema. "Wako mitaani siku nyingi. Wewe umewasafirisha."

Dawa mojawapo kati ya chache zisizokuwa na R ikapitishwa kwenye mshipa. Baada ya siku mbili uvimbe ulirudi nyuma ya mstari wa tatu, kisha wa pili. Mama aliutazama ukishuka kama mtu anayemsindikiza mgeni asiyemwamini. Mguu umebaki. Una kovu la ukubwa wa sarafu, na akishuka bondeni anachechemea.

Dawa ya kupaka puani niliyopewa niliitumia hadi siku ya mwisho. Vidonge vilivyobaki nilivipeleka hospitali, na kopo sasa lina majani ya chai. Kila mtu nyumbani ana taulo lake, nayo yanaanikwa juani. Mwezi uliopita jirani alikuja na kidole kilichovimba, akakinyoosha mbele yangu. Sikukigusa. Nilimpeleka zahanati.