Abiria Hawakuonekana

Mtaani walimwita Bwana Utaratibu, na yeye alidhani ni sifa. Miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya dirisha namba tatu la Idara ya Maji, dirisha la malalamiko, akipokea watu waliokuja na hasira zao na kuwarudisha nyumbani na fomu. Hakuwahi kumtukana mtu. Hakuwahi kupokea hata soda ya mtu. Silaha yake ilikuwa neno moja tu, "utaratibu," na kwa neno hilo aliwamaliza wengi kuliko wenzake waliokuwa wakifoka mpaka povu linawatoka.

Alipostaafu, wenzake walimchangia wakamkabidhi bahasha. Ndani yake mlikuwa na likizo ya siku nne kwa watu wawili: tiketi za ndege, hoteli ya kando ya ziwa, na gari la kuwachukua mlangoni kwao mpaka uwanja wa ndege, vyote vimelipiwa kabisa katika kampuni moja ya safari. Mkewe alifurahi mpaka akashindwa kulala. Mama huyu alikuwa amelea watoto watano, amewasomesha na kuwaoza, na maisha yake yote ndege alizitazama kutoka uani huku amekinga macho kwa kiganja. Alinunua kofia pana yenye utepe mwekundu. Aliaga mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, hata wale ambao hapikiki nao chungu kimoja.

Gari lilitakiwa kufika saa nne asubuhi. Saa nne kasoro robo walikuwa nje ya geti, mama ameketi juu ya sanduku na kofia yake kichwani, Bwana Utaratibu amesimama wima na karatasi ya uthibitisho mkononi. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Kila walipopiga simu kwenye kampuni, mashine iliwashukuru kwa uvumilivu wao. Ndege ilikuwa ya saa nane.

Ilipokaribia saa sita, jirani mmoja anayesafirisha kuku kwa pikapu akasimama mbele yao.

"Mzee, pandeni niwafikishe. Mama atakaa mbele na mimi, wewe utavumiliana na matenga huko nyuma. Tutawahi."

Mama alikuwa ameshanyanyuka, mkono uko kwenye kitasa cha mlango.

"Hapana," akasema Bwana Utaratibu. "Sisi tunalo gari letu, limelipiwa. Tukipanda jingine tutakuwa tumevunja mkataba wenyewe, na fidia hatutapata."

"Baba watoto, mimi sitaki fidia. Mimi nataka ndege."

"Mama watoto, kuna utaratibu."

Mwenye kuku alimtazama mama kwa huruma, akatia gia akaenda zake. Hebu niambie, mtu wa namna hii utamfanya nini? Ndege iliruka na viti viwili vitupu, na saa tisa mama aliburuta sanduku lake akarudi ndani. Kofia aliitupa juu ya kabati, akajilaza ameuelekea ukuta. Majirani walipobisha hodi kuuliza kulikoni, aliwaambia kichwa kinamuuma. Jioni alimwekea mumewe chakula, akasema jambo moja tu.

"Utaniletea safari yangu. Usipoileta, neno utaratibu lisitamkwe tena ndani ya nyumba hii."

Kesho yake Bwana Utaratibu akavaa suruali yake ya ofisini akaenda kudai. Mkuki kwa nguruwe mtamu, wahenga walisema, na sasa zamu ya mzee wetu ilikuwa imefika.

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Mlikuwa na viti vya chuma vilivyofungwa pamoja ili mtu asijisogezee, ua la plastiki lenye vumbi, na mtungi wa maji ya kunywa usio na vikombe. Nyuma ya kaunta alikaa dada mmoja mwenye kucha ndefu na tabasamu lisilopungua.

"Pole sana, baba. Pole mno. Jaza fomu hii."

Bwana Utaratibu akajaza, kurasa nne, kwa mwandiko wake mzuri. Dada akaipokea, akaigeuza, akasikitika.

"Aa, pole jamani. Kumbe hii ni fomu ya zamani. Mpya bado ziko kwa mpiga chapa. Utakuja Jumatatu, eti baba?"

Mtu mwingine angepandwa na hasira. Bwana Utaratibu alisisimka mwili. Mbinu ya fomu ya zamani! Yeye mwenyewe aliweka bunda zima chini ya dirisha kwa ajili ya wasumbufu, watu wa kuuliza maswali mengi. Alishuka ngazi karibu anatabasamu, kama mtu aliyekutana na mtani wake ugenini.

Jumatatu fomu mpya ilipatikana, lakini ilihitaji saini ya msimamizi. Mlango wa msimamizi ulikuwa wazi. Koti lake limetundikwa kwenye mgongo wa kiti, miwani iko mezani, kalamu haijafunikwa.

"Yupo," akasema dada. "Ametoka kidogo tu. Si unaona koti lake?"

Bwana Utaratibu alikaa mpaka adhuhuri akilitazama lile koti. Alilijua. Yeye alikuwa nalo la kahawia, na kwa miaka kumi na tisa lilimwakilisha kazini wakati mwenyewe yuko kwenye chai. Mkewe alilifua kila Januari na kushangaa lina vumbi mabegani ila kwapani halina jasho. Alipoinuka kuondoka alimwinamia dada kwenye kaunta.

"Miwani mmefanya vizuri," akamnong'oneza. "Mimi sikuifikiria."

Dada hakuelewa, akatabasamu tena.

Nyumbani mama alimngoja mlangoni. "Umeileta?"

"Jambo linashughulikiwa."

Mama akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile ya getini, na kicheko chenyewe hakikuwa cha heri. "Ndivyo unavyoniambia kila nikikuuliza jambo. Basi kesho tunakwenda wote."

Kesho yake mama akaichukua kofia yake juu ya kabati, akaipangusa, akaivaa. Kwenye ile ofisi hakuchukua namba wala hakukaa kwenye viti vya chuma. Alipita kaunta, dada akimwita "mama, mama, samahani mama," akaushika mlango wa msimamizi ambao siku hiyo ulikuwa umefungwa, akaufungua. Msimamizi alikuwa ndani, mwanamume mnene wa makamo, amevaa shati tu, anatafuna karanga. Koti lilikuwa kitini nyuma yake. Hakuwa na pa kukimbilia. Aliwakaribisha, akatafuta jalada lao, akalisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba usiomhusu.

"Dereva alifika saa nne kamili. Alisubiri dakika kumi na tano. Abiria hawakuonekana. Akaondoka." Akalifunga. "Sasa hapo, mama yangu, kampuni haina kosa. Nyinyi ndio hamkuonekana."

"Hatukuonekana?" Mama alisimama. "Nimekaa juu ya sanduku tangu asubuhi mpaka saa tisa, na kofia hii! Kofia hii inaonekana mpaka ng'ambo ya barabara kuu! Mwenye kuku alituona. Watoto wa shule walituona. Mbwa wa mtaa walituona!"

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

"Kilichoandikwa ni uongo!"

"Lakini kimeandikwa," akasema msimamizi kwa upole, akachukua karanga nyingine.

Mama akaketi. Kukosa ndege alikuwa ameshakuvumilia. Hili la kuambiwa hakuwepo, tena na mtu anayetafuna, lilimkata maini. Akamgeukia mumewe, na macho yake yalikuwa yanaomba. Miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kumtazama hivyo, na Bwana Utaratibu, ambaye si jiwe, akasafisha koo.

"Nipe hiyo karatasi, kijana."

Akaipokea, akaiweka kwenye mwanga wa dirisha. Hapo sasa aliingia uwanjani kwake.

"Saa nne kamili. Dereva gani anafika saa nne kamili? Angefika kweli angeandika saa nne na dakika saba. Tazama wino. Safari za Jumatatu mpaka Ijumaa, wino mmoja, mwandiko mmoja, mistari imenyooka. Hii imejazwa siku moja, mezani, na chai pembeni. Tazama huku juu: hakuonekana. Huku chini: hawakuonekana. Wiki moja, safari tatu tofauti, zote abiria hawakuonekana? Mtu akiandika hivyo jalada limefungwa, hakuna wa kuuliza. Usinifundishe mimi. Mimi nimeliandika neno hili miaka thelathini na moja! Kila Alhamisi alasiri, majalada yakizidi meza, nayachukua moja moja: mlalamikaji hakuonekana, mhuri. Mlalamikaji hakuonekana, mhuri. Na wenyewe wamejaa pale kwenye benchi, nawaona kwa macho yangu. Sasa utanidanganya mimi?"

Msimamizi aliacha kutafuna. Alitambua kwamba aliyekaa mbele yake ni mwenzake wa kazi, tena mkongwe, tena mstaafu asiye na shughuli, ambaye anaweza kurudi kila siku mpaka kiama.

"Mzee, yaishe," akasema. Akavuta droo, akatoa fomu. "Tutawapa safari nyingine. Siku nne, hoteli ileile, gari mpaka mlangoni. Andikeni majina ya wasafiri wawili hapa chini."

Bwana Utaratibu alivimba kichwa. Akamgeukia mkewe apokee pongezi. Mama hakuwa anamtazama. Alichukua kalamu, akaandika jina lake taratibu, akasimama hapo hapo na ncha ya kalamu juu ya mstari wa pili.

"Yule mshonaji wa nyumba ya tatu," akasema.

Mshonaji huyo alikuwa mjane wa jirani. Mita yake ilisomwa vibaya, akadaiwa maji ya hoteli nzima, akakatiwa bomba. Mwaka wa pili sasa alikuwa anakuja na ndoo asubuhi na jioni kuchota kwenye bomba la uani kwao, na mama kila mwezi alimwuliza mumewe habari za jambo lile. Jibu lake mmeshalisikia.

"Alikuja dirishani kwako?"

"Alikuja."

"Mara ngapi?"

"Mara nne hivi. Sasa mama watoto, jirani huwezi kumpa upendeleo, watu wangesema nini? Nilimfanyia kama ninavyomfanyia kila mtu."

"Sijakuuliza upendeleo. Ulimwandika nini?"

Bwana Utaratibu alimtazama msimamizi, kana kwamba huko atapata msaada. Msimamizi alikuwa anahesabu karanga zake.

"Hakuonekana," akasema.

Mama akainama, akaandika jina la mshonaji chini ya lake.

"Unafanya nini? Hiyo ni zawadi yangu ya kustaafu! Huwezi kubadilisha jina la msafiri hivihivi, utaratibu hauruhusu."

"Unaruhusu, mzee," akasema msimamizi, na mhuri ukashuka. "Jina lolote."

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa adhabu. Mama hakumsema mumewe kwa mtu yeyote. Alifanya kibaya zaidi: alimwambia mshonaji kwamba mzee mwenyewe ameamua kumwachia nafasi yake. Habari ikazagaa. Mwenye kuku alisimamisha pikapu kumpa mkono. Wazee wenzake walimwambia ana moyo wa dhahabu. Kila aliposifiwa alitazama viatu vyake, na nyumbani mkewe alimpakulia, akamtakia usiku mwema, akaenda kulala. Bwana Utaratibu aligundua kwamba anaweza kustahimili matusi, aliyazoea kwa miaka mingi, lakini shukrani hizi zilikuwa zinamchoma.

Siku ya safari gari lilifika mapema. Mama aliingia akakaa, kofia magotini. Bwana Utaratibu alibeba masanduku, la mkewe na la mshonaji, akayapakia nyuma. Mshonaji alikuwa pembeni yake, amevaa gauni jipya alilojishonea. Hapo mzee hakuweza kuvumilia tena.

"Mama," akamwambia mshonaji, akiwa ameinamia masanduku. "Lile jalada lako la maji. Kuna jambo nataka nikwambie."

"Najua, mzee."

"Unajua nini?"

"Nilikuwa nimekaa benchi ya mbele. Nilikuona ukiandika, nikakuona ukigonga mhuri. Halafu ukafunga dirisha ukaenda nyumbani. Tulipanda basi moja."

Tangu siku hiyo mshonaji alikuwa akimwamkia kila asubuhi pale uani, ndoo mkononi, kwa heshima zote, na mzee alikuwa akiitikia.

"Sasa muda wote huo mbona hukumwambia mama watoto?"

Mshonaji alimtazama kwa mshangao, hakuwa na kinyongo hata kidogo.

"Ningechota wapi maji, mzee?" akasema, akapanda gari, akafunga mlango.