Nilimziba Mdomo Mwanaidi

Wanaosema nina wazimu waseme hadi wachoke. Mimi nilikuwepo, wao hawakuwepo. Haya yalinipata mchana kweupe, jua la saa saba likiwaka, na sikuwa na homa wala sikuwa nimelala. Ukitaka kuamini, amini. Hutaki, sikiliza tu mpaka mwisho, halafu nenda ukayapeleke maneno kwa majirani kama wenzio. Mimi sikusihi.

Nauza vitunguu Kongowea, mwaka wa kumi na nane huu. Lakini nimezaliwa Changamwe, na huko huko ndiko nilikosomea sekondari. Darasani tulikuwa na dawati moja refu la nyuma, tukiketi watano. Kulikuwa na Dzombo, aliyetuchekesha hadi mwalimu naye akacheka. Kulikuwa na Kadzo, msichana wa Mishomoroni, na Mwanaidi, aliyevuka feri kila asubuhi kutoka Likoni. Halafu mimi. Na mwishoni kabisa, karibu na dirisha, alikaa Salim, kiranja wa darasa, ambaye kazi yake ilikuwa kuita majina kabla mwalimu hajaingia. Alianza na dawati letu siku zote.

Sasa shika neno hili, maana mambo yote yalianzia hapo. Kadzo na Mwanaidi walikuwa wachelewaji. Kadzo lazima kwanza amsaidie mamake kuuza mahamri. Mwanaidi naye, feri ikikwama, afanyeje, aogelee? Mimi kwetu palikuwa karibu, sikuchelewa hata siku moja. Basi Salim akiita "Kadzo!" naitika mimi, "Nipo!" kwa kisauti chembamba. Akiita "Mwanaidi!" naitika tena, "Nipo!" kwa sauti nzito kidogo. Salim alijua. Aliinamia rejista, akatia alama, akatabasamu peke yake. Miaka miwili hatukukamatwa. Mapenzi yetu mimi na yeye yalianza hivyo, kwa uongo wa kila asubuhi.

Nilimpenda, sifichi. Tulipomaliza kidato cha nne akapata kazi ya udereva Uarabuni, akaniambia, "Nikikaa sawa nitakuita." Nilimngoja miaka mitatu. Siku moja nikasikia amerudi kimya kimya, ameoa, amerudi zake Uarabuni na mkewe. Sikulia mbele ya mtu. Nililia nyuma ya magunia, nikapangusa uso, nikaendelea kuuza. Nikaolewa, nikazaa, nikasema nimesahau. Mwaka juzi ndipo alipohamia nyumbani moja kwa moja, na hakumaliza hata miezi sita, trela likamgonga akivuka barabara kuu pale Changamwe. Nilikwenda matangani, nikaketi na wanawake wenzangu, nikampa mkewe mkono wa tanzia. Yule mama hakunijua mimi ni nani, na sikumwambia.

Haikupita hata miezi minne, Dzombo akafa. Mkewe alitusimulia sisi marafiki wa shule, akasema mumewe alikuwa anakula chakula cha mchana, mzima kabisa. Ghafla akainua kichwa, akatazama mlangoni, akasema, "Nipo!" Kisha akajilaza pale pale mkekani. Tulitazamana na Kadzo na Mwanaidi.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alinifundisha adabu mbili. Ya kwanza, mtoto wa kike akiitwa huitika "abee" papo hapo, hangoji kuitwa tena. Ya pili, kama humwoni anayekuita, nyamaza mpaka uitwe mara tatu. "Mtu hai akikutaka atakuita hadi umsikie," alikuwa akisema. "Wale wengine huita mara mbili tu." Nilimcheka, hata dawatini nikawasimulia wenzangu tukacheka. Sisi wasomi bwana, tulijua kila kitu.

Basi siku moja niko Kongowea, saa saba. Wapakuzi wanashusha lori la vitunguu, wasukuma mikokoteni wanapiga kelele, "Kando! Kando mama!" Sokoni unaitwa toka pande zote na unaitika bila kuinua uso. Mimi nimeinama nachambua vilivyooza. Nikasikia nyuma yangu mtu anaita, sauti ya mwanamume, tena ya kijana.

"Kadzo!"

Nikaitika. "Nipo!" Kwa kile kisauti chembamba, wallahi, kama niko kidato cha tatu. Lilitoka kabla sijalijua.

Jirani yangu wa kuuza viazi, Mama Nduku, akanitazama. "Wewe, unaitikia nani?"

"Si kuna mtu amemwita Kadzo?"

"Mimi sijasikia mtu. Jua limekupata, kunywa maji."

Alasiri simu ikalia. Kadzo alianguka jikoni kwake Mishomoroni, mchana ule ule. Walipomfikisha hospitali alikuwa ameshakata roho. Nilipouliza saa ngapi, wakaniambia saa saba.

Hili sijapata kumwambia mtu, si mume wangu, si mamangu mzazi. Nilimwitikia Kadzo. Usiniambie ni mambo ya Mungu, najua ni mambo ya Mungu. Lakini mdomo ulikuwa wangu. Siku arobaini sikulala vizuri, nikawa nauliza dari, kwa nini mimi? Hata mwisho nikapata jibu, na jibu lilinitia hasira badala ya hofu. Ile sauti ilikuwa ya Salim, naye alijua nitaitika. Ndiyo ilikuwa kazi yangu, na yeye ndiye aliyeipitisha. Nikahesabu dawati letu. Dzombo, Kadzo. Anayefuata ni Mwanaidi.

Mwanaidi ni shoga yangu. Amenizalisha mtoto wangu wa pili kwa mikono yake, mvua imefunga njia. Niliapa, huyu hamchukui. Afe kwa siku yake, lakini haitwi na mtu niliyemzoesha uongo mimi.

Haukupita muda, Mwanaidi akalazwa huko Likoni. Alipasuliwa tumbo, na madaktari wakasema wangoje waone. Nilifunga biashara, nikawa navuka kila siku. Nduguye Athumani alinishukuru, akaniita dada wa kweli. Kumbuka hilo, maana hakudumu nalo.

Siku ya tatu nikafika saa ya kutazama wagonjwa, saa saba. Mwanaidi amelala fofofo, midomo imekauka. Nimeketi kando yake nafungua chupa ya uji. Nikainua macho, nikamwona mlangoni.

Wodi imejaa watu. Hakuna aliyegeuka. Alikuwa wa miaka kumi na minane, shati jeupe, tai ya shule, vidole vina chaki. Rejista iko kwapani. Mimi nina mvi, na yeye hana hata ndevu. Hakunitazama. Akafungua rejista, akasoma kwa sauti ile ile ya asubuhi.

"Dzombo." Akatia alama, hakungoja. "Kadzo." Akatia alama. Kisha akanyamaza kidogo, kama alivyokuwa akinyamaza zamani ili anipe nafasi.

"Mwanaidi."

Neno lilinipanda kooni, nakwambia. Lilifika kwenye meno. Mazoea ni mabaya! Niliuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu. Akainua uso, akanitazama, akatabasamu lile tabasamu lake, kama kusema, haya basi, fanya kazi yako.

Nikatikisa kichwa.

"Mwanaidi," akaita mara ya pili.

Hapo nikasikia pumzi kando yangu. Namtazama Mwanaidi, macho yamefumba, lakini midomo inafunguka. Anaitika mwenyewe! "Ni..." ilishatoka. Nikamrukia, nikamziba mdomo kwa kiganja. Mdomo tu. Pua sikuigusa, na nitalisema hilo hadi kaburini. Nilihisi midomo yake ikitapatapa chini ya mkono wangu, ikitaka kulimaliza lile neno, nami nikazidi kukaza.

Salim akafunga rejista nusu. Akaniita mimi. Hakuniita kwa sauti ya kiranja. Aliniita kwa ile sauti ya nyuma ya maabara, tulipokuwa tukigawana muhogo wa kukaanga. Sauti niliyoingoja miaka mitatu.

Lakini bibi alinikataza kuitika. Hakunikataza kutukana.

"Ulipokuwa hai ulisema utaniita," nikamwambia. "Nilikungoja hadi watu wakanicheka. Hukuniita! Leo umekufa ndiyo wanijua? Nina watoto, nina vitunguu vyangu, nina mume anayeniita kila siku hata kwa chumvi. Na huyu ana watoto wanamngoja nyumbani. Nilikuitikia Kadzo, na hilo nitalijibu kwa Mola wangu. Huyu simwitikii, wala haitiki! Andika hayupo. Na mimi andika sipo. Toka!"

Wallahi alihuzunika. Alitazama ile rejista muda mrefu, na kwa kitambo kidogo nilimwona si kitu cha kutisha, ni mvulana tu aliyechoka kukaa peke yake darasani. Nusura nilie. Nilimpenda mtu yule. Kisha akachora mstari, akafunga rejista, akaondoka kwa mwendo wake wa kuburuza kiatu.

Ndipo nikasikia mayowe.

"Wewe mama! Wafanya nini? Wamwua mgonjwa!" Ni muuguzi. Athumani naye kaingia nyuma yake, kaniona nimemlalia dadake, mkono mdomoni, natukana hewa. Sasa wewe ungekuwa Athumani ungefikiri nini? Nilitolewa na askari wa lango, viatu mkononi. Chupa ya uji waliibakisha.

Habari ilinitangulia Kongowea. Wengine wakasema nina jini, wengine nilitaka kumuua Mwanaidi nimchukue mumewe, mwanamume mwenyewe ukimwona utanicheka. Wateja wakapungua. Mama Nduku peke yake ndiye aliyebaki kunisalimia. Athumani alipiga simu, akaniambia nisikanyage Likoni tena. Nikamwambia, "Sikanyagi. Dadako anaendeleaje?" Akakata.

Mwanaidi alitoka hospitali siku ya tisa, kwa miguu yake. Hakunipigia simu. Mwezi, miezi mitano, mwaka mzima. Iliniuma, loo! Lakini kila nilipoumia nilijiambia, yu hai. Anichukie akiwa hai. Kumchukia mtu kunataka pumzi, na pumzi anazo.

Mimi nami nikabadilika. Tangu siku ile siitiki mwito wa kwanza wala wa pili kama simwoni anayeniita. Mume wangu alilalamika, "Mke gani haitiki?" Sasa amezoea, huita mara tatu mfululizo kama anapiga hodi. Watoto huja hadi mbele ya uso wangu.

Basi juzi, baada ya Ramadhani, niko sokoni. Saa saba ile ile. Nimeinama kwenye gunia nikasikia jina langu nyuma. Sauti ya Mwanaidi. Lakini ningejuaje ni yeye? Nikanyamaza. Ikaita tena. Nikanyamaza, nahesabu, nangoja ya tatu. Ya tatu haikuja. Nikageuka pole pole.

Namwona mgongo wake. Ni yeye mwenyewe, buibui lake na kikapu, anapenya kati ya mikokoteni anaondoka. Alikuwa amekuja! Mwaka mzima namngoja, na amekuja, na sikumwitika. Nikapanda juu ya gunia na unene wangu huu.

"Mwanaidi!"

Hapunguzi mwendo wala hageuki.

"Mwanaidi we!"

Nikaona mabega yamesita, lakini miguu inakwenda. Basi, nikajisemea, amekasirika kweli, na haki yake. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo.

"Mwanaidiii!"

"Abee!"

Aliitika kabla hajageuka. Akasimama katikati ya njia, wasukuma mikokoteni wakimfokea, "Mama, toka njiani!" Na mimi juu ya gunia nikaelewa. Naye pia haitiki mpaka mara ya tatu. Alimsikia. Siku ile wodini, macho yamefumba, alimsikia Salim!

Alirudi hadi mezani kwangu. Hatukukumbatiana. Aliushika mkono wangu wa kulia, akaunusa, machozi yanamtoka.

"Shoga," akasema, "mkono wako ulinuka kitunguu. Ndicho kilichoniamsha." Halafu akanikemea, "Na mbona huitiki? Nimekuita mara mbili, nikaona hunitaki. Ya tatu, aibu ya kukaa kimya mwaka mzima ikanishika."

Nilicheka hadi nikakaa chini.

Kwa hiyo dawati letu bado lina watu wawili, na hatuondoki kwa kuitwa na mtu. Siku yetu ikifika Mwenyewe anajua pa kutupata. Nawe unayesikiliza, ukiitwa na humwoni anayekuita, funga mdomo, hata ikiwa ni sauti uliyoipenda kuliko zote. Hasa hiyo. Wala usimwitikie mwenzio kwa jambo lolote, hata la mchezo. Na kama kuna mtu mmegombana nawe wamtaka, usimwite mara mbili ukaenda zako. Mwite ya tatu.