Hit points: sisi Kibiti tulidhani ni pointi za kupigwa

Wakuu, poleni na majukumu.

Ninayoleta hapa ni kweli tupu. Kama mtaonja chumvi, basi ni ya samaki wa Da Hawa, maana naandika huku nakula.

Mimi ni kinyozi hapa Kibiti. Shule niliishia form two, lakini ndoto ninazo nyingi kuliko wateja. Mojawapo ilikuwa kucheza ile game ya mezani isiyo na screen. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu ana shujaa wake, mnapambana na majitu kwa mdomo na dadu tu.

Nikapata kitabu cha sheria kwenye simu, PDF, Kiingereza kitupu. Nikajitwika kutafsiri.

Dadu la pande ishirini huku hulipati. Tukaandika namba kwenye korosho za maganda, tukazitia kwenye kofia. Unachomoa, unasoma. Namba ishirini Da Hawa aliichoma kwa bahati mbaya akaitafuna, kwa hiyo kwetu ukipata kumi na tisa ndio umefika kileleni.

Tulikuwa watatu.

Mimi msimuliaji. Da Hawa, anauza samaki wa kukaanga mlango wa pili, shujaa wake anaitwa Bibi Radi. Na Shamte fundi pancha, mtu wa Mbuchi kule delta, mwili kama gogo la mkoko, moyo kama uji. Shujaa wake anaitwa Jabali.

Kila Ijumaa baada ya swala nafunga saluni, tunacheza.

Sasa wakuu, kwenye PDF kuna kitu kinaitwa hit points. Hit ni kupiga, points ni pointi. Nikawatangazia kwa sauti ya mtaalamu, "Hizi ni pointi za kupigwa. Ukipigwa sana unapata nyingi."

Hakuna aliyepinga.

Ebwana! Jitu likitokea, mashujaa wanapanga foleni.

"Nianze mimi!"

"Wewe ulipigwa juzi, mpishe mwenzio!"

Ngao ya Jabali tuliiuza kwa mfanyabiashara wa humohumo kwenye hadithi, maana ilikuwa inamkosesha pointi. Kuna jitu moja lilichoka kupiga likatimua mbio, sisi tukalifukuza kando ya mto mzima tukiliomba lirudi.

Da Hawa yeye akaanza ujanja.

"Bibi Radi amejigonga kichwa kwenye mti. Andika."

"Da Hawa, kujigonga hakuhesabiwi."

"Basi mti ndio umemgonga. Andika!"

Halafu kitu kimoja. Kila shujaa akipigwa, wote tunasema, "Pole!" Na mwenyewe anajibu, "Nshapoa." Hakuna aliyetufundisha. Huwezi kusikia mtu kala rungu la jitu ukakaa kimya, hata kama ni hadithi.

Shamte alimwacha Da Hawa mbali kwa pointi. Siku moja akasema huku anatabasamu, "Unajua kinyozi, mafuriko yamepiga mpunga wangu kule Mohoro. Mwizi kapiga pampu yangu. Hapa tu ndio nikipigwa napata kitu."

Tulicheka. Ila mimi ile kauli ilinikaa.

Basi, akaja binamu yangu Idrisa kutoka Dar, anasoma chuo, game hizi anazijua. Akakaa kutuangalia. Dakika chache tu alikuwa amelala kwenye kiti cha kunyolea anafuta machozi ya kicheko kwa taulo la wateja.

"Oya, hit points ni uhai wako! Unaanza nazo. Ukipigwa zinapungua. Zikiisha, umekufa."

Idrisa akalivuta daftari letu la pointi, akalisoma tangu mwanzo.

Akamgeukia Shamte. "Kaka, huyu Jabali wako kafa tangu pambano lenu la kwanza, lile la darajani."

"Innalillahi," Da Hawa akasema. "Yaani mimi nimeingia pangoni na maiti? Tena nikamwambia atangulie?"

Shamte hakucheka. Akairudisha korosho yake kwenye kofia taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Kwa hiyo hata huku nilikuwa nashindwa," akasema. Akaondoka.

Ijumaa iliyofuata hakutokea. Wakuu, nilijisikia vibaya. Ni mimi niliyempa ushindi, halafu Kiingereza changu kikamnyang'anya.

Nikamfuata Idrisa pale kwa Da Hawa.

"Hebu nieleze. Mtu uhai wake wote umeisha, kabaki na pointi moja, mbona kitabu kinasema anapigana vilevile? Damu imebaki kijiko na bado anaruka ukuta?"

"Si damu tupu," Idrisa akajibu. "Watu wanabishana mpaka leo. Ni damu kidogo, pumzi, bahati, na ule moyo wa kusema bado nipo. Ndio maana kuna mashujaa wanamrudishia mwenzao hit points kwa neno tu, bila dawa."

Da Hawa alikuwa anageuza samaki. "Neno gani?"

"Lolote. Neno la kumtia moyo."

Kijiko kikabaki hewani. Mafuta yanalia.

"Pole je?"

Idrisa akaweka samaki wake chini.

"Kila alipopigwa tulimwambia nini?" Da Hawa akaendelea, kama wakili. "Na yeye alijibu nini?"

"Nshapoa," Idrisa akasema kwa unyonge.

"Haya, msomi. Mtu aliyekwisha kupoa anakufaje?"

Wakuu, chuo kizima kikainua mikono.

Da Hawa akaepua karai, tukaenda wote watatu mpaka kwa Shamte. Tulimkuta kainamia tairi la bodaboda, mwenye pikipiki kasimama pembeni.

"Marehemu ana kazi," akasema bila kuinua kichwa.

Hapohapo chuma cha kubandulia tairi kikateleza, kikamla kidole gumba.

"Pole!" Sote watatu kwa mpigo.

"Nshapoa," akajibu kwa mazoea.

Da Hawa akapiga makofi. "Mmemsikia? Kajiponya kwa mdomo wake! Simama, Jabali!"

Tukamweleza, kila mtu akimkata mwenzie. Shamte akakiweka chini kile chuma.

"Kwa hiyo sikufa?"

"Hukufa."

"Hata darajani?"

"Darajani pole nilikupa mimi mwenyewe," Da Hawa akasema, "tena kwa sauti."

Shamte akajifuta grisi, akaanza kutembea kuelekea saluni. Mwenye pikipiki akaita, "Fundi, na tairi langu je?"

"Nisubiri kidogo kaka, nimefufuka."

Siku hizi tunacheza kwa sheria sahihi, isipokuwa moja. Kwetu hit points zinaitwa mapole, na ukikaa kimya mwenzako akipigwa, jitu linakugeukia wewe. Shida iliyobaki ni ngao, aliyeinunua amegoma kuirudisha.

Nilichojifunza mimi: kamusi ni muhimu. Na pole si neno la kupitishia siku, wakuu. Kuna mtu ana pointi moja na bado anaziba pancha.

Nyie huko mnaziitaje hit points? Na mnaonaje, Jabali alikufa au hakufa? Anayesema alikufa aje amwambie Da Hawa mwenyewe. Yupo hapa pembeni, ana kijiko.