Sikio Apima Sauti ya Maji

Saa tatu asubuhi, fundi bomba anagonga ukuta wa sebule kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, kutoka kushoto kwenda kulia. Panapolia uvungu anachora msalaba kwa penseli. Panapolia pazito anachora duara. Bamba la jiwe atakalolitundika lina kilo thelathini na nane, na si kila tofali litalibeba.

"Ukuta hauna unafiki," anasema, kisha anainua drili.

Kazini anaitwa Sikio. Jina hilo alilipata miaka kumi na tisa iliyopita, alipobandika kikombe ukutani, akasikiliza, akaonyesha bomba linapovuja ndani. Alivunja kigae kimoja tu. Tangu hapo huitwa pale mafundi wengine wanapotaka kubomoa chumba kizima.

Kazi ya leo ni nyepesi. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, amenunua chemchemi ya ukutani. Pampu ndogo iliyofichwa kwenye beseni hupandisha maji hadi juu ya bamba, nayo huteremka juu ya jiwe na kurudi chini. Anaitaka kwa ajili ya mama yake, mwenye miaka themanini na sita, ambaye siku hizi hatoki nje.

Kufikia saa saba bamba limesimama. Sikio amelipima kwa pimamaji mara tatu, maana likiinama kidogo tu maji hukimbilia upande mmoja na jiwe hubaki na kipara. Anawasha pampu, anafungua koki, anasikiliza, anaongeza.

"Hapo. Manyunyu matupu."

Sauti inatoka chumbani: "Nani kaacha bomba wazi?"

Ni mama wa mwalimu. Anapita na mkongojo wake hadi jikoni, anakaza bomba ambalo halikuwa wazi, anarudi. Muda si muda anakwenda tena.

"Fundi," anasema mwalimu, "mimi nilitaka chemchemi. Wewe umeniletea mtaro wa mvua."

Sikio anapunguza. "Haya, sasa nimeinyamazisha kabisa."

"Mbona bado inanguruma?" anauliza mwalimu.

Anayatazama maji. Yanateremka, yanang'aa juu ya jiwe. Yeye hayasikii.

Anaiacha koki. Kisha anamvutia bibi kiti mbele ya ukuta. "Bibi, leo fundi ni wewe. Niambie ikitosha."

"Kwani masikio yako umeyaacha nyumbani, mwanangu?"

"Nadhani yamebaki kwenye drili, bibi."

"Basi punguza. Punguza tena. Usiniue kwa kiu! Rudisha kidogo. Ee, hapo. Hapo mtu anaweza kusinzia."

Sikio anaweka alama ya penseli kwenye koki, mahali ambapo kwake ni kimya.

Nje, akikunja nyaya, anakubali kwamba leo si mara ya kwanza. Ametoboa kuta kwa miaka ishirini na saba bila kuziba masikio. Mwaka jana alisikiliza ukuta wa mteja mmoja, akasema ni mkavu. Mwezi haukuisha, plasta ikabambuka.

"Nikamwambia bomba lake ni bovu," anasema. "Bomba halikuwa na kosa. Mimi sikusikia."

Mke wake amekuwa akimpigia kelele aende hospitali. "Ananiambia sikio la kufa halisikii dawa. Namjibu, mama watoto, hiyo dawa yenyewe hatujaitafuta. Nilikuwa naogopa. Fundi anayeitwa Sikio akiambiwa ni kiziwi, nani atamwita?"

Alhamisi atapimwa. Kabla ya hapo atakwenda kwa mteja wa mwaka jana kumweleza ukweli na kumpigia plasta upya.

Mwezi ujao anangojewa na nyumba tatu zenye mabomba yanayovuja. Hakusudii kuziacha. Hospitali wakimpa kifaa cha kusikilizia, atakivaa. Wakikosa, atafanya kama alivyofanya leo.

"Mwenye nyumba atabandika sikio lake ukutani," anasema. "Mimi nitamuuliza: ni mluzi au ni matone? Mluzi ni tundu. Matone ni kiungo kimelegea. Hilo nitalijua hata nikiwa kiziwi."