Jiwe la Arusha Lililochuja Rangi

Jamani, chekeni mkitaka, lakini msinichekee usoni, kwa sababu nikiukumbuka mkasa huu damu inanichemka mpaka leo, na aibu niliyoipata mbele ya wazazi wote wa kijiji chetu cha Kiegeani simtakii hata adui yangu.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, shule ya msingi. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia na afisa elimu angekuja kuchagua mwalimu mmoja wa kwenda Dar kufundisha somo la mfano, nami nafasi ile niliitaka kwa roho yangu yote, nikaamua kufundisha tofauti ya mwamba wa moto na mwamba wa mashapo. Mashapo hapa Mafia si tatizo, ukichimba choo unakutana na jiwe la matumbawe, ukibomoa ukuta ni lilelile. Tatizo ni mwamba wa moto, maana sisi volkano hatuna (alhamdulillahi). Basi mume wangu Shaibu alikuwa anakwenda Arusha kwenye harusi ya rafiki yake, nikamwambia, "Baba Rukia, niletee jiwe moja tu, jeusi, lenye vitundu, huko yamejaa njiani." Moja tu! Sikumwagiza kitenge wala viatu.

Akarudi nalo limefungwa kwenye gazeti, jeusi tii, vitundu tele. Nikalinusa. "Mbona linanuka dawa ya viatu?"

Bila hata kupepesa macho akanijibu, "Volkano ndivyo inavyonuka, mama Rukia."

Na mimi, mwalimu mzima, nikaamini! Nilifikiria kulijaribu kwenye siki nyumbani, kisha nikasema aa, nitalijaribu palepale, wazazi wajionee wenyewe. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Siku ikafika, nimevaa ushungi mweupe pee, mezani nina mabakuli mawili ya kioo yenye siki, afisa elimu kaketi mbele kabisa. Nikatumbukiza jiwe la matumbawe, likatoa mapovu, wazazi wakaguna kwa raha. Nikaeleza kwamba hili ni mashapo, mabaki ya viumbe vya baharini yaliyorundikana na kushikamana kwa miaka mingi mno, lina chokaa, na chokaa ikikutana na siki lazima itoe povu. Nikainua la Arusha. "Hili sasa ni uji wa moto uliopoa ukaganda, vitundu hivi ni hewa iliyokuwa ikitoka. Hili halina chokaa, kwa hiyo litanyamaza." Nikalitumbukiza kwa mbwembwe.

Likanyamaza kidogo. Kisha likaanza kutokota, tena kuliko lile la kwanza! Mama mmoja akainuka, "Mwalimu, mbona na hilo linatoa povu?" Nikasema labda lina vumbi, nikalitoa, nikalisugua kwa viganja, likazidi kuwa jeupe na mimi nikazidi kuwa mweusi, jasho likanitoka, nikajifuta uso na ushungi (ule mweupe!), na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilikuwa nimeshika kipande cha matumbawe cha hapahapa kwetu kilichopakwa dawa ya viatu. Nikatazama viti vya nyuma kumtafuta Shaibu. Nikaona mgongo wake tu, unatokomea mlangoni.

Afisa elimu akaniambia kwa upole uliouma kuliko kofi, "Somo zuri, mwalimu, ila vifaa..." Akachaguliwa mwalimu wa hisabati.

Nilimkuta Shaibu nyumbani anakunywa chai. Anakunywa chai! "Lako nililisahau," akasema, "nikakumbuka nimeshashuka boti Kilindoni, nikaokota moja pale ufukweni. Nilijua utaliweka mezani watu walitazame, nani angejua utalitia kwenye siki?"

"Ungesema umesahau!" nikapiga kelele mpaka majirani wakasikia. "Ningechora ubaoni, Shaibu! Ningechora!"

Akasema hakutaka nikasirike. Hebu nisaidieni jamani, hakutaka nikasirike!

Nilikaa wiki nzima simsemeshi, na hata sasa hasira haijaisha. Tangu hapo kitu nisichokijaribu kwa mikono yangu hakipandi mezani mbele ya watu, hata kiletwe na nani. Na Baba Rukia akisafiri simwagizi kitu. Arudi mikono mitupu, angalau mikono mitupu haidanganyi.