Mahindi ya Kunyimwa

Papa Kahozi, mwalimu wetu wa kilimo pale Kalemie wakati wa Zaire, aliujua udongo wote wa kando ya ziwa, ila majirani zake hakuwajua. Alipanda mahindi mistari miwili karibu na barabara. Mmoja akauwekea mavi ya mbuzi, mwingine akaunyima, ili sisi wanafunzi tuone tofauti.

Mama Rosalie, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, akasimama.

“Papa Mwalimu, watoto wa tumbo moja, unalisha mumoja, mwingine anaangalia?”

“Mama, hii njo sayansi.”

“Hii njo roho mbaya!”

Tangu hapo, akitoka sokoni, aliyamwagia maji aliyooshea samaki yale mahindi ya kunyimwa. Wamama wenzake wa kwaya nao wakaleta majivu na mavi ya kuku, kila mmoja kwa siri yake.

Siku ya inspekta wa shule, mahindi ya kunyimwa yalimpita mwalimu kimo. Yaliyolishwa yalimfika kiunoni.

“Kumbe mbolea inadumaza?” akauliza inspekta.

Upepo ukavuma, harufu ya ndakala ikajibu.

Mwaka uliofuata Papa Kahozi hakutafuta mavi ya mbuzi. Alipanda shamba zima, akasimama barabarani wamama wakitoka kanisani, akatangaza: “Mwaka huu haya yote siyapi kitu!”